Damu ya Kila Mwezi, Pesa ya Mara Moja kwa Mwaka

Mboga iko mekoni, tui limeshachujwa, na mwenye jiko anamwita mtoto. Mtoto wa miaka sita anakuja mbio, anawekewa chumvi kiganjani, anaambiwa aitie chunguni. Anatia, kisha anarudi zake kucheza. Katika nyumba nyingi za Wamakonde, Wamakua na Wayao, kando zote mbili za Mto Ruvuma, kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo kamili, na kwa baadhi ya nyumba bado ni tangazo: mama yuko mwezini. Mwiko unasema mwanamke aliye katika siku zake asitie chumvi kwenye chakula cha watu, wasije wakashikwa na kikohozi kibaya. Hakuna aliyetamka neno. Lakini mume amejua, shangazi aliyekuja kutembea amejua, na mtoto mwenyewe, bila kujua anachokijua, amepata somo lake la kwanza la hedhi.

Na hii ni pwani ya chumvi. Kati ya Mtwara na Lindi, nyuma ya mikoko, yapo mashamba yanayokausha maji ya bahari na kuyageuza marundo meupe ya kuuza. Kitu kinachochotwa kwa koleo huko nje, jikoni kinahesabiwa kwa vidole vya mtoto.

Chumbani lugha ni nyingine. Ushanga mwekundu ukionekana kiunoni au ukitundikwa kitandani, mume anaelewa asubiri. Ukija mweupe, mambo yamerudi mahali pake. Mezani, chumbani, kisimani, hedhi ina alama zake, na kila mtu mzima anazisoma.

Ndiyo maana anayeshuka uwanja wa ndege wa Mtwara na fulana iliyoandikwa wito wa kuvunja ukimya huenda amekosea anwani. Hedhi ya kusini haijawahi kukosa lugha. Ina lugha nyingi kuliko mambo mengi ya nyumbani. Tatizo lake ni kwamba lugha hiyo ina wenyewe: imepangwa nani aseme, aseme wapi, amwambie nani, na nani asisikie kabisa. Asiyetakiwa kusikia mara nyingi ni baba, na baba mara nyingi ndiye mwenye pesa. Ukifuata uzi huo mmoja, miiko, shule, maji na kodi huonekana kuwa habari moja.

Anayeshika ufunguo wa lugha hiyo ni kungwi, na juu yake nyakanga. Unyago wa kusini ni chuo cha zamani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na kupanda hadi Newala akiwa na kamera, fonografu na mashine ya kupiga picha za sinema, akarekodi ngoma za unyago wa wasichana. Alirekodi zile alizoruhusiwa kuziona. Yaliyofundishwa ndani hayakumhusu mwanamume, awe mgeni au mwenyeji. Miaka michache baadaye Vincent Lucas, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kuwa kuupiga marufuku mfumo huo ni kujisumbua, akaamua kuubatiza: jando likapewa sala na msalaba, na wasichana wakatengenezewa mafundisho yao ya Kikristo. Wamisionari wenzake wengine walishtuka. Alichokiona Lucas ni kwamba shule hiyo haikuwa na mpinzani.

Ngoma ya msondo na mafunzo ya kungwi vilisafiri mbali. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara, upande wa kusini, Wayao na Wamakonde wakiwemo, walifika Unguja na ngoma zao, na unyago wa mjini Zanzibar ukajengwa kwa sehemu kubwa juu ya urithi huo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Wanawake wa Unguja walimjua pia kwa msondo aliopiga akiwafunda wari.

Mwali alifundishwa nini kuhusu damu? Alifundishwa kukunja kitambaa, kukifunga kiunoni, kukifua mwenyewe, kukianika mahali ambapo jicho la mwanamume halifiki. Alifundishwa kuoga na kujitenga na mumewe. Alifundishwa miiko ya chumvi na ya bustani, kwa kuwa mboga changa, ilisemwa, hunyauka zikipitiwa na aliye mwezini. Mengine katika hayo yana maarifa ya kweli ndani yake, mengine ni hofu tupu. Lakini yote yalimjia kutoka kwa mtu mmoja aliyepewa jina la somo wake, mtu ambaye angeweza kumrudia na swali akiwa na miaka thelathini. Vitini vya miradi havina mtu wa namna hiyo ndani yake.

Kasoro ni mbili, na zote ni za zama hizi. Ya kwanza ni umri. Zamani mafunzo yalikaa karibu na siku ya kuvunja ungo. Leo wapo wasichana wanaopelekwa wakiwa na miaka saba au minane, likizo za Juni au Desemba, kwa kuwa sherehe ina gharama na ratiba ya shule haina huruma. Mtoto wa darasa la pili anaelezwa kuhusu damu itakayomjia baada ya miaka mitano, pamoja na mambo ya mume yatakayomjia, Mungu akipenda, baada ya kumi na tano. Akivunja ungo kweli, ngoma ilishazimika zamani. Ya pili ni kwamba fundisho lenyewe, tangu mwanzo, lilikuwa la kuficha. Liliundwa kwa ajili ya msichana atakayekaa nyumbani siku hizo, karibu na maji, karibu na bibi yake. Halikuundwa kwa ajili ya msichana atakayekaa saa saba juu ya dawati katikati ya wavulana.

(Watu wa mbali wakisikia unyago hudhani habari ya ukeketaji. Sivyo. Unyago wa Mtwara si ule wa mikoa inayokeketa, na kuchanganya mambo hayo mawili kumewafanya makungwi wengi wafunge milango kwa kila mgeni mwenye daftari.)

Dawati lilikuja kwa mkumbo. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 kati ya watoto waliojazana madarasani kusini mwa Tanzania walikuwemo mabinti wengi ambao mama zao hawakuwahi kukaa darasani siku hata moja. Kisha, kuanzia 2006, zikaja sekondari za kata. Kwa mara ya kwanza idadi kubwa ya wasichana wa Mtwara walivunja ungo wakiwa wamevaa sare. Vijiji vilipanga matofali, mabati na chaki. Mahali pa kumwaga maji ya kufulia kitambaa hapakuwa kwenye ramani.

Shule nayo ina lugha yake, na inafika kwa kuchelewa. Mada ya kubalehe ipo katika sayansi ya shule ya msingi, ila mwalimu kijana wa kiume mbele ya darasa la watoto tisini huipita kama gari linavyopita kwenye kokoto. Uzazi kwa undani unafundishwa katika baiolojia ya kidato cha tatu, na unafundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo msichana wa vijiji kama Tangazo au Mahurunga anapata hedhi yake kwa Kimakonde, anaificha kwa Kiswahili, na anaijibia mtihani kwa Kiingereza, miaka mitatu baadaye. Jaribio zuri la kuziba pengo hilo lilitokea mkoa mwingine. Marni Sommer wa Chuo Kikuu cha Columbia alikaa na wasichana wa Kilimanjaro, akasikiliza simulizi zao za siku ya kwanza, na kutokana nazo kikatengenezwa kitabu chembamba cha Kiswahili, Vipindi vya Maisha, chenye sauti za wasichana wenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakikuanza na mchoro wa mfuko wa uzazi. Kilianza na swali ambalo kila msichana alikuwa nalo: hivi ni mimi peke yangu?

Chuo cha tatu cha pwani hii ni madrasa, na hapo kuna jambo linalowashangaza wengi. Watu wengi wa vijiji vya pwani ya Mtwara ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na moja ya vitabu vya mwanzo vya fiqhi vinavyosomwa Afrika Mashariki ni Safinatun Najaa, kijitabu cha mwanachuoni wa Hadhramaut wa karne ya 19. Humo hedhi ina mlango wake, bila haya yoyote. Fiqhi ya Kishafi inataja umri wa chini kabisa kuwa miaka tisa ya mwandamo, muda mfupi kabisa wa damu kuwa mchana na usiku wake, na mrefu kabisa kuwa siku 15. Inayozidi hapo ni istihadha, damu ya ugonjwa, yenye hukumu zake. Mvulana wa miaka kumi na miwili aliyehitimu Safina anaweza kuwa amesikia habari za hedhi kwa mpangilio kuliko mwenzake aliyesubiri kidato cha tatu. Tena mapokeo ya dini yanaeleza kwamba Mtume alikula na kunywa pamoja na Bibi Aisha akiwa hedhini, na alimweleza kuwa hedhi haiko mkononi mwake. Mwiko wa chumvi hauna nafasi ndani ya mapokeo hayo. Umeketi jirani yake tu, kwenye jiko lilelile, kwa miaka mingi, na masheikh wengi hawakuona haja ya kuuhamisha.

Hata hivyo dini nayo huacha alama inayoonekana. Aliye mwezini haswali wala hafungi. Swala hazilipi, saumu atazilipa. Katika kijiji ambacho kila mtu anajua nani kaswali, ruhusa hiyo ni siri ngumu kuitunza. Mwezi wa Ramadhani msichana anakula muhogo wake nyuma ya nyumba kwa haraka ya mwizi, ingawa sheria ya dini yenyewe ndiyo iliyomwambia ale. Anaogopa kaka zake kuliko hukumu.

Pwani hii, kwa kweli, inahesabu kila kitu kwa mwezi. Bamvua hujaa na kutoka sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na wakati huo ndipo wanawake wa Msimbati na vijiji jirani hutoka miambani kutafuta pweza na kombe. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Mzunguko wa mwanamke kwa wastani ni siku 28, na wowote kati ya 21 na 35 ni wa kawaida. Mwanamke anayejua bamvua lijalo litaangukia Jumanne hahitaji kalenda ya ukutani kujua siku zake. Ila bamvua halisubiri. Siku mbili tatu za maji kutoka sana zikikutana na siku zake za damu nzito, ana hiari ya kuingia baharini na kitambaa kinacholowa hadi magotini, au kubaki nyumbani bila pweza.

Maji ni sura nyingine ya habari hii, na hapo ndipo ushauri wa usafi huanguka. Kila kipeperushi kinasema kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani hadi kikauke kabisa, kisha kipigwe pasi. Ni ushauri sahihi: kitambaa kilichokaukia gizani, chini ya godoro au ndani ya dari la makuti, kinabaki na unyevu unaolea vijidudu. Lakini visima vingi vya ukanda huu wa mchanga vina maji ya chumvichumvi, na sabuni ndani yake hutoa utando badala ya povu. Nayo kamba ya kuanikia iko mbele ya nyumba, mbele ya baba mkwe. Wanawake wamebuni njia ya katikati: kitambaa kinaanikwa juani kikiwa kimefunikwa na kanga nyepesi. Kinakauka, na hakionekani. Uvumbuzi huo haujapewa tuzo na shirika lolote.

Kwenye uwanda wa juu wa Makonde hali ilikuwa ngumu zaidi. Udongo wa kichanga unanywa mvua yote, mito hakuna, na kwa vizazi wanawake wa Newala na Tandahimba waliteremka makorongo hadi chini kabisa kufuata maji, wakapanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza zama za Waingereza. Kuanzia miaka ya 1970 Wafini waliingia Mtwara na Lindi na mpango mkubwa wa maji ulioendelea kwa takriban miaka ishirini. Ripoti za miradi huhesabu lita kwa mtu kwa siku. Hazihesabu ndoo ya ziada ambayo mwanamke aliye mwezini anaihitaji na hawezi kueleza kwa nini anaihitaji.

Huko chini, kwenye mlango wa Ruvuma, miundombinu mingine imefika vizuri. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Eneo lenyewe likawa hifadhi ya bahari mwaka 2000, kilomita za mraba zipatazo 650 za mikoko, matumbawe na vijiji. Mwaka 2015 bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa, safari ya mamia ya kilomita chini ya ardhi. Nchi inayoweza kulaza bomba hilo inaweza pia kuweka koki ndani ya choo cha wasichana. Kiwango cha taifa kinajulikana: tundu moja la choo kwa wasichana 20, na kwa wavulana 25. Siku hizi majengo mapya ya shule huchorwa na chumba cha kujistiri, chenye maji na mahali pa kuchomea taka. Palipo na chumba hicho, jambo la kukagua ni moja: nani ana ufunguo. Mara nyingi uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ni mwanamume.

Sasa pesa. Hesabu yake ni nyepesi. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Kwa siku tano, mtu mwangalifu anatumia vipande visivyopungua ishirini. Pakiti ya vipande kumi ikiuzwa 2,000, mwezi mmoja unataka pakiti mbili, shilingi 4,000, na mwaka unataka 48,000. Nyumba yenye mama na mabinti wawili inahitaji 144,000. Ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ni 10,000 kwa mwaka mzima, chaki na karatasi za mitihani zikiwemo.

Mkulima wa Mtwara hupima vitu kwa korosho. Kwa bei ya 3,300 kwa kilo, ile ambayo Rais Magufuli aliitangaza Novemba 2018 serikali ilipoamua kuununua mzigo wote yenyewe na kutuma jeshi kuusomba, pedi za msichana mmoja kwa mwaka ni kilo 14 na nusu za korosho ghafi. Si nyingi, ni sehemu ndogo ya gunia. Shida iko kwenye kalenda. Korosho huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani kuanzia Oktoba, na fedha hupitia chama cha msingi, kwa jina la mwanachama, ambaye mara nyingi ni baba. Pesa hiyo hupangiwa mabati, ada, pikipiki, sherehe za unyago zenyewe. Msimu ule wa 2018 wakulima wengi walisubiri malipo hadi ndani ya 2019. Hedhi haikusubiri. Anayehesabu mapato kwa mwaka na anayehesabu matumizi kwa mwezi wanaishi nyumba moja bila kuwahi kukaa pamoja na kalamu, kwa sababu kukaa huko kungelazimu neno litamkwe.

Dodoma walijaribu njia ya kodi. Katika bajeti ya Juni 2018 Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, alitangaza msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kwa taulo za kike. Wanaharakati walishangilia. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2019, waziri yuleyule aliirudisha, akieleza kuwa bei madukani haikushuka na faida ilibaki kwa wafanyabiashara. Badala yake wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi wakapunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Upendo Peneza, mbunge wa viti maalum, alikuwa miongoni mwa walioendelea kudai bungeni kwamba pedi za wanafunzi zigharamiwe na serikali.

Kwa nini bei haikushuka? Kulaumu uroho wa wenye maduka ni rahisi, na pengine ni haki kwa kiasi fulani. Lakini msamaha una mtego wake. Mtengenezaji anayeuza bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai kurudishiwa kodi aliyoilipa kwenye pamba, plastiki na vifungashio. Gharama hiyo inabaki tumboni mwa bei. Kwa pakiti ya 2,000, kodi yote ilikuwa kama shilingi 300. Igawe kwa muagizaji, msambazaji wa Dar es Salaam, mwenye duka la jumla Mtwara mjini, na mwenye kibanda aliyeibeba pakiti kwa bodaboda hadi Mahurunga. Mama wa Mahurunga angeona nini? Noti ndogo kabisa ya Tanzania wakati ule ilikuwa ya shilingi 500.

Kenya ilitangulia: iliondoa kodi hiyo mwaka 2004, na Juni 2017 ikapitisha sheria inayoitaka serikali igawe sodo bure kwa kila msichana wa shule aliyevunja ungo. Ipo sheria. Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 aliyechafua sare yake alitolewa darasani na kuaibishwa, kama mama yake alivyoeleza. Alijitoa uhai siku hiyohiyo. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia bungeni Nairobi na doa jekundu kwenye suruali nyeupe, akaombwa atoke. Uganda, mwaka 2017, Stella Nyanzi aliichachamalia serikali kwa kushindwa kutimiza ahadi ya pedi iliyotolewa kwenye kampeni za uchaguzi, akaishia mahabusu kwa maneno aliyoandika kuhusu Rais.

Kuna takwimu moja inayofungua kila hotuba ya tarehe 28 Mei, siku ya hedhi salama duniani iliyoanza 2014: kwamba msichana mmoja kati ya kumi Afrika hukosa shule kwa sababu ya hedhi. Imerudiwa hadi imepoteza chimbuko. Walioenda kupima wameleta majibu yenye utata. Nchini Nepal, Emily Oster na Rebecca Thornton waligawa vikombe vya hedhi, wakakuta wasichana walikosa kwa sababu ya hedhi chini ya nusu siku katika mwaka wa siku 180, na vikombe havikubadili mahudhurio. Magharibi mwa Kenya, watafiti waliogawa vikombe na pedi hawakuona tofauti ya walioacha shule. Waliona maambukizi ya njia ya uzazi yakipungua. Na utafiti mwingine wa huko, uliohoji zaidi ya wanawake na wasichana 3,400, ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya kumi wa wenye miaka 15 alikuwa amefanya ngono apate pesa ya pedi.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa polepole. Msichana wa Mtwara huenda yuko darasani siku zake zote tano. Rejista inasema yupo. Amekaa kiti cha nyuma, hasimami kujibu swali, hatoki mapumziko, hanywi maji asije akahitaji choo. Na kama tumbo linamkata hadi anatapika kila mwezi, ameambiwa na kila mwanamke aliyemuuliza kwamba ndivyo ilivyo. Damu ya hedhi ya kawaida ni kidogo kuliko inavyoonekana, mililita 30 hadi 40, kama vijiko viwili au vitatu vya chakula. Ila katika mwili wenye malaria ya mara kwa mara na safura, hata hiyo ina uzito wake. Kusini kuna pia kichocho cha mkojo, ambacho kinaweza kushambulia njia ya uzazi na kutoa damu isiyo ya hedhi kabisa. Msichana aliyefundishwa kuwa damu ya huko haitajwi hataitaja hiyo pia, na zahanati haitaisikia.

Wajasiriamali wa Kitanzania wameingia kwenye pengo hili kabla ya serikali. Jennifer Shigoli alianzisha Elea, pedi za kitambaa zinazofuliwa. Hyasintha Ntuyeko alianzisha pedi za Glory na kuzunguka shule akizungumza na wasichana, na wavulana pia. Pedi ya kufua ina faida ya wazi kwa mtu wa pesa ya msimu: hununuliwa mara moja, hukaa mwaka na zaidi. Inalingana na kalenda ya korosho. Hailingani na kisima cha maji ya chumvi. Ile ya kutupa haihitaji maji, lakini inahitaji mahali pa kutupwa, na plastiki yake haiozi shimoni wala baharini. Wapo wanawake wa pwani wanaoifua kwanza pedi ya kutupa, wakakamua hadi maji yatoke meupe, ndipo waifukie au waichome. Mgeni huona ni upotevu wa sabuni. Kwa mwenyeji, damu iliyoachwa ovyo ni mali ya mchawi yeyote apitaye, na hakuna mradi utakaofaulu kuweka pipa la taka chooni bila kwanza kumjibu kuhusu hilo.

Hapo makungwi wanarudi. Baadhi ya mashirika yameshaanza kukaa nao, kuwaomba wapange unyago wa likizo kwa umri unaofaa, na watenganishe somo la mwili na somo la ndoa. Ni kazi ya polepole isiyopiga picha nzuri kama ya wasichana hamsini walioinua pakiti mbele ya bango. Pakiti za Mei huwa zimekwisha kufikia Julai. Kungwi bado yupo Julai.

Dukani Mtwara, pedi ikinunuliwa hufungwa gazeti, kisha mfuko mweusi, kisha hukabidhiwa chini ya kaunta kana kwamba ni gongo. Baba akitumwa, ikitokea ametumwa, huondoka na kifurushi hicho kwapani bila kusubiri chenji. Mnada wa kwanza wa korosho ni Oktoba. Kufikia Februari fedha nyingi zimeshapata kazi. Kutoka Februari hadi Septemba ni miezi minane, hedhi nane, pakiti kumi na sita kwa kila binti. Kwenye daftari la mkopo la mwenye duka, mchele, mafuta ya taa na sabuni vimeandikwa kwa majina yake. Pedi zimeandikwa "mengineyo".